Namna ya Kuhakiki Ushujaa na Kuvunjika Moyo kwa Mhusika Mkuu wa Riwaya ya Vita

Insha nyingi zinazoandikwa kuhusu mhusika mkuu wa riwaya ya vita huwa na nusu mbili zisizojuana. Nusu ya kwanza huorodhesha matendo ya ushujaa: alijiunga na jeshi kwa hiari yake, alimwokoa mwenzake, hakukimbia. Nusu ya pili huorodhesha machungu: aliwaona wenzake wakifa, imani ikamtoka, akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Kila sentensi humo inaweza kuwa ya kweli na bado uhakiki ukawa haujasema lolote, kwa sababu haujaonyesha jinsi nusu ya kwanza ilivyoizaa ya pili. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, nayo ni kuuchukulia ushujaa kuwa ahadi ambayo mhusika alipewa na watu fulani, kwa maneno fulani, kabla hajaviona vita, kisha kuchukulia kuvunjika moyo kwake kuwa hesabu ya ahadi hiyo, inayofanywa ukurasa baada ya ukurasa hadi ijulikane kilichotimizwa, kilichokuwa uongo tangu mwanzo, na kilichosalia.

Mfano mkuu utakuwa riwaya ya Kijerumani ya Erich Maria Remarque, Im Westen nichts Neues, inayohusu askari wa Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyotoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1928 na kuwa kitabu mwaka 1929. Pale inapobidi nitaazima kidogo kwa Stephen Crane (The Red Badge of Courage), Ernest Hemingway (A Farewell to Arms) na Ken Saro-Wiwa (Sozaboy). Mwenye riwaya nyingine mezani aiweke hiyo badala yake. Maswali ni yale yale, majibu ndiyo yatakayotofautiana.

Tafuta ahadi kabla ya kutafuta tendo

Usomaji wa kwanza usiutumie kuwinda mapigano. Weka alama kila mahali ambapo mtu anataja taifa, heshima, uanaume, wajibu au sifa, na pembeni uandike ni nani anayesema, anamwambia nani, na yeye mwenyewe yuko wapi wakati huo. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa katika riwaya nyingi za vita maneno makubwa husemwa na watu wasiofikiwa na risasi.

Katika riwaya ya Remarque, Paul Bäumer na wanafunzi wenzake hawakuamka siku moja wakaamua kwenda vitani. Mwalimu wao Kantorek aliwahutubia darasani mara kwa mara, mpaka darasa zima likafuatana naye kwenda kujiandikisha. Mmoja wao, Josef Behm, hakutaka. Akabembelezwa, akaona aibu kubaki peke yake, akaenda, na akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Anayeandika kwamba Paul alikuwa na moyo wa uzalendo amesema kweli kiasi, lakini ameruka hatua iliyo muhimu kuliko zote: uzalendo huo ulikuwa na mwenyewe, nao ulikabidhiwa watoto wa shule kwa sauti ya mtu ambaye waliamini kuwa anajua zaidi yao. Ndiyo maana hasira ya Paul haielekezwi sana kwa Wafaransa. Inaelekezwa kwa walimu, kwa wazazi, kwa kizazi kizima kilichopaswa kuwaongoza vijana kuingia utu uzima. Baadaye Kantorek anaitwa jeshini naye, na anajikuta akichezeshwa kwata na mwanafunzi wake wa zamani. Tukio hilo linachekesha, na wanafunzi wengi hulipita kwa sababu hiyo. Lisomwe tena: aliyeitoa ahadi amewekwa mahali ambapo yeye mwenyewe anatakiwa kuitimiza, na hawezi hata kusimama sawasawa ndani ya sare.

Ahadi haitoki kwa mwalimu siku zote. Henry Fleming, kijana wa riwaya ya Crane ya mwaka 1895 inayohusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, amejiahidi mwenyewe, kwa kuota vita vya mashujaa wa kale wa Wagiriki. Anapojiandikisha anatarajia mama yake aseme maneno makubwa ya kumuaga, na yeye ameshaandaa ya kumjibu. Mama anaendelea kumenya viazi. Anamweleza habari za soksi na mashati, na kumwonya kuhusu marafiki wabaya. Hakuna risasi iliyokwisha kulia, na tayari ahadi imeingia ufa. Msomaji makini atauandika ufa huo kwenye daftari lake kabla hajafika kwenye pigano la kwanza. Kwa Mene, kijana wa riwaya ya Saro-Wiwa ya mwaka 1985 inayohusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, ahadi imeshonwa ndani ya sare. Anaitamani sare hiyo kwa sababu mzee mmoja kijijini anajisifu kwa vita alivyopigana Burma, na kwa sababu msichana anayempenda anataka mwanamume wa kumlinda. Hizi ni ahadi tatu za aina tatu, na aina ya ahadi ndiyo itakayoamua mhusika atamlaumu nani mambo yatakapoharibika. Aliyedanganywa na mwalimu ana mtu wa kumkasirikia, ilhali aliyejidanganya mwenyewe kazi yake ni ngumu zaidi, kwa sababu inambidi ama ajione mjinga ama atunge uongo mwingine.

Fuata vitu na mwili, wala si hotuba peke yake

Baada ya maneno, fuata vitu. Mwandishi mzuri wa vita mara chache humfanya mhusika atangaze kwamba amevunjika moyo. Humpa kitu mkononi, akamwacha msomaji akione kikipita kutoka mtu hadi mtu. Riwaya ya Remarque inaanza na chakula. Kikosi kimerudi kutoka mstari wa mbele kikiwa na watu 80, na mpishi alikuwa amepika kwa watu 150. Askari wanafurahi kwa kuwa kila mmoja atapata sehemu mbili. Furaha hiyo ni ya kweli, nayo imetokana na watu 70 kutokuwapo. Hakuna sentensi ya kulaani vita katika ukurasa huo, na hakuna inayohitajika.

Ndivyo ilivyo pia kwa buti za Kemmerich. Amekatwa mguu, anakufa hospitalini, na rafiki yake Müller anauliza kama anaweza kuzichukua buti zake nzuri za ngozi laini. Mhakiki mwepesi wa kuhukumu ataandika kwamba vita vimemnyang'anya Müller utu wake. Paul mwenyewe analikataa jambo hilo: anaeleza kwamba kama buti zingemfaa Kemmerich, Müller angetembea juu ya nyaya za miba bila viatu kuliko kupanga namna ya kuzipata, ila buti hazimfai tena mwenyewe, na mwuguzi ataziiba. Müller anapokufa, buti zinamwangukia Paul. Ukizifuata kutoka mguu hadi mguu utaona riwaya inahesabu wafu bila kutumia tarakimu, na utakuwa na aya nzima ya uhakiki isiyohitaji neno "ukatili" hata mara moja.

Jeraha nalo lisomwe kwa namna hiyo. Jiulize lilipatikanaje, na watu wanaliita nini. Frederic Henry, dereva wa magari ya wagonjwa katika riwaya ya Hemingway ya mwaka 1929, anajeruhiwa na kombora akiwa handakini anakula jibini. Rafiki yake Rinaldi anakuja hospitalini akitaka apewe nishani, anamsaili kama hakumbeba mtu mgongoni au kufanya lolote la kishujaa, na Henry anamjibu wazi kwamba alilipuliwa wakati wanakula. Upande wa Crane jambo ni chungu zaidi: Fleming amekimbia pigano, na anapata jeraha la kichwa kwa kupigwa kitako cha bunduki na askari wa upande wake mwenyewe aliyekuwa naye anakimbia. Anaporudi kikosini wenzake wanamfunga kichwa kwa upole wakiamini kwamba ni risasi ya adui, naye hawaambii ukweli. Nishani na jeraha ndizo alama zinazojulikana za ushujaa, na katika riwaya hizi mbili moja inasukumwa kwa mtu asiyestahili, nyingine inafunika aibu.

Usichanganye woga, uchovu na kuzinduka

Mambo haya matatu yanafanana machoni pa msomaji wa haraka, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu insha nyingi. Woga ni wa mwili na wa saa ile. Askari anaweza kutetemeka huku imani yake ikiwa nzima kabisa. Uchovu unaondoka kwa usingizi na chakula. Kuzinduka hakuondoki hata mtu akishiba, kwa sababu ni ujuzi: amejua jambo, na hawezi kujifanya hajui. Fleming anapokimbia anaogopa, lakini bado anaiamini picha yake ya ushujaa, tena anaiamini kuliko awali, ndiyo maana anatafuta kila hoja ya kujithibitishia kwamba kukimbia kwake kulikuwa na busara. Mhakiki atakayeandika kwamba Fleming amevunjika moyo katika sura hizo atakuwa amesoma miguu yake na kuacha mawazo yake.

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika riwaya hizi akiwa na kipimo kingine cha shujaa kichwani, kile cha tendi. Fumo Liyongo anasalitiwa na mwanawe mwenyewe na kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, lakini anakufa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wanaogopa kumkaribia hata akiwa maiti. Usaliti unaumaliza mwili wake. Heshima ya shujaa inabaki palepale, na jamii nzima inaijua. Katika riwaya ya vita ya karne ya 20 mara nyingi huwa kinyume: mwili unaweza kusalimika, na kinachouawa ni maana ya neno lenyewe. Methali yetu inasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Mhusika kama Paul analielewa hilo kwa undani usiopendeza, kwa kuwa amekaa mahali ambapo kilio kinakwenda kwa wote wawili, na hakuna anayeuliza tena ni nani alikuwa mwoga.

Tukio la mgeuko lisomwe sentensi kwa sentensi

Karibu kila riwaya ya vita ina tukio moja ambalo ndani yake adui anapata sura. Litafute, kisha ulipe nafasi kubwa kuliko tukio jingine lolote katika insha yako. Katika riwaya ya Remarque tukio hilo ni la shimo la kombora. Paul ametoka doria usiku, amepotea kati ya mahandaki ya pande mbili, amejilaza shimoni akijifanya maiti. Mwili unamwangukia, naye anauchoma kisu kabla ya wazo lolote kupita kichwani. Mchana unaingia, risasi zinapita juu ya shimo, hawezi kutoka. Anabaki saa nyingi na Mfaransa anayekufa polepole, akisikiliza pumzi zake zikikoroma. Anamnywesha maji, anamfunga vidonda alivyomtia mwenyewe. Mtu huyo anapokufa Paul anaanza kuzungumza naye, anamwita mwenzake, anamwomba msamaha. Anafungua pochi yake: picha za mwanamke na mtoto wa kike, barua, na jina. Anaitwa Gérard Duval, mpiga chapa.

Angalia ngazi ambazo mwandishi amepanda. Kwanza ni mwili unaoanguka, kisha mtu anayekoroma, kisha mwenzangu, na mwisho ni mtu mwenye jina na kazi. Paul analiogopa jina hilo kabla ya kulisoma, kwa kuwa anahisi litamkaa kama msumari usiong'oka. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kupunguza mwendo na kuonyesha kwamba kuvunjika moyo hakukuletwa na damu, maana Paul ameiona damu tangu ukurasa wa kwanza. Kumeletwa na kazi ya mikono. Mwanafunzi aliyeng'olewa shuleni kabla hajajua atakuwa nani amemuua mtu aliyekuwa na kazi ya ujuzi, na katika kuchanganyikiwa kwake anaahidi kuishi kwa ajili ya maiti huyo, hata kuwa mpiga chapa yeye mwenyewe.

Wengi hukomea hapo. Wanaandika kwamba tangu siku hiyo Paul alivichukia vita, wanafunga aya. Riwaya haikomei hapo. Akirudi kwa wenzake, Katczinsky na Kropp wanamtuliza, wanamwonyesha mdunguaji anayehesabu waliolengwa naye kwa fahari, na Paul anajiambia kwamba yale aliyokuwa akiyasema shimoni yalitokana na kukaa muda mrefu na maiti, na kwamba vita ni vita. Kurasa hizo chache zinaiharibu hoja nyepesi, na kwa maoni yangu ndizo zenye thamani kubwa kuliko tukio lenyewe. Zinaonyesha kwamba kuzinduka si mlango unaofunguka mara moja ukabaki wazi. Askari anaufunga tena kwa makusudi, kwa kuwa anayeuacha wazi hawezi kupigana kesho, na asiyeweza kupigana kesho atakufa. Uhakiki unaolikiri jambo hili unakuwa na mhusika mwenye mgogoro halisi ndani yake, badala ya mtu anayesafiri kwa mstari ulionyooka kutoka ujinga hadi hekima.

Mfuate anaporudi nyumbani

Sura ya likizo, pale ilipo, ndiyo maabara bora ya mhakiki, kwa sababu mhusika anakutanishwa tena na wale walioitoa ahadi. Paul anarudi kwao. Baba yake anataka simulizi za vita awasikilizishe marafiki, na Paul anagundua kwamba akiyatia mambo hayo katika maneno yatakuwa makubwa kuliko anavyoweza kuyabeba. Mezani, penye bia na sigara, wazee wanajadili ni nchi zipi zitwaliwe baada ya ushindi, na wanamwambia kwamba yeye anaona kipande chake kidogo tu cha mapigano, hawezi kuona picha nzima. Chumbani kwake anavitazama vitabu alivyovipenda akisubiri vimrudishie ile hali ya zamani, na havisemi kitu. Linganisha na Mene wa Saro-Wiwa, ambaye kijiji chake kinamdhania ni mzimu uliorudi kuleta maradhi, na anaikuta nyumba haina mama wala mke. Mmoja amepokewa na hawezi kuzungumza. Mwingine angeweza kuzungumza na hakuna wa kumpokea.

Usiache ziara ya Paul kwa mama yake Kemmerich. Mama huyo anataka kujua mwanawe alikufaje. Paul anamwambia alikufa papo hapo bila maumivu, na mama asiposadiki, anamwapia. Sisi tulioisoma sura ya hospitali tunajua Kemmerich alikufa taratibu, akilia kimya. Je, uongo huu ni woga, ni huruma, au ni ule ule uongo wa Kantorek umerudi kwa sura nyingine, kijana akipamba kifo cha vita kama alivyopambiwa yeye? Mimi nauona ni huruma, lakini insha itakayotetea jibu la tatu kwa ushahidi mzuri itakuwa na nguvu zaidi ya itakayosema tu kwamba Paul ni mtu mwema.

Uliza kilichosalia, wala usimsafishe mhusika

Baada ya ahadi kuvunjika, baadhi ya matendo bado ni ya kishujaa, na mhakiki asiyeyaona atamaliza kwa kusema kwamba riwaya haiamini chochote. Tafuta tendo ambalo halina hotuba, halina shahidi wa maana, na pengine halina faida. Katczinsky, rafiki mkubwa wa Paul kikosini, anapojeruhiwa mguuni, Paul anambeba mgongoni hadi kituo cha huduma, akipumzika njiani, akizungumza naye. Anapofika anaambiwa angejiokolea taabu hiyo: kipande kidogo cha chuma kimempata Katczinsky kichwani njiani, na amekwisha kufa. Mhudumu anauliza kama wao ni ndugu. Paul anajibu kwamba si ndugu. Kwa kipimo cha jeshi hakuna kilichotendeka hapo. Kwa kipimo cha riwaya hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote, na neno moja la swali la mhudumu limebeba kile ambacho Kantorek hakukiweza kwa mwaka mzima wa hotuba.

Hata hivyo, jihadhari na kishawishi cha kumgeuza mhusika aliyezinduka kuwa asiye na doa. Frederic Henry anafikia kuyaonea haya maneno kama utukufu na heshima, akiona kwamba yenye hadhi ni majina ya vijiji, namba za barabara na tarehe. Ni kurasa zinazopendwa na wahakiki. Lakini wakati jeshi la Italia, analolitumikia, linarudi nyuma kutoka Caporetto mwaka 1917, sajenti mmoja anapokataa kusaidia kuikwamua gari matopeni na kuondoka, Henry huyo huyo anampiga risasi. Haupiti muda mrefu anajitupa katika mto Tagliamento kukimbia maofisa wanaowaua walioacha vikosi vyao, na jeshi analiacha moja kwa moja. Amemwadhibu mtu kwa kosa ambalo yeye analitenda sura inayofuata. Insha isiyomtaja sajenti huyo imechagua ushahidi unaopendeza.

Msimulizi, mwisho, na mwandishi

Amua mapema ni nani anayesimulia na anajua kiasi gani. Nafsi ya kwanza humfunga msomaji ndani ya kichwa cha askari, hivyo kuvunjika moyo huonekana hata katika yale asiyoyasema. Nafsi ya tatu, kama ilivyo kwa Crane, humwezesha msimulizi kumcheka mhusika kwa chini chini huku akimsimulia. Remarque anatumia nafsi ya kwanza kitabu kizima, kisha katika aya mbili fupi za mwisho sauti nyingine inatuarifu kwamba Paul aliuawa mwezi Oktoba 1918, siku tulivu kiasi kwamba ripoti ya jeshi ilisema hakuna jipya upande wa magharibi. Vita vilisimama tarehe 11 Novemba. Kinaya hicho ndicho kilichokipa kitabu jina lake, na hoja ya kuandika ni rahisi kuiona: ushujaa ulioahidiwa ulikuwa wa jina kukumbukwa, na hesabu ya mwisho ya jeshi haikumwona hata kama habari.

Maisha ya mwandishi yatumiwe kwa kiasi. Remarque aliitwa jeshini mwaka 1916 na kujeruhiwa mwaka 1917, na kitabu chake kilichomwa moto na Wanazi mwaka 1933. Hayo yanaeleza kwa nini kitabu kilichukiwa, ila hayathibitishi lolote kuhusu Paul. Crane alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya vita alivyovisimulia kumalizika, na hakuna anayemwondolea sifa kwa hilo.

Kuandika insha yenyewe

Anza kwa sentensi moja ya hoja, na uikatae ya kwanza itakayokujia. "Paul ni shujaa aliyevunjika moyo kwa sababu ya ukatili wa vita" ni sentensi ambayo hakuna mtu anayeweza kuipinga, kwa hiyo haina kazi. Jaribu hivi: "Imani ya Paul katika ushujaa wa Kantorek imekwisha kufa kabla ya ukurasa wa kwanza, kinachovunjika mbele ya macho ya msomaji ni tumaini lake la pili, kwamba undugu wa mahandakini unaweza kushika nafasi ya imani hiyo, na tumaini hilo linakufa pamoja na Katczinsky." Hii inaweza kupingwa, inamlazimisha mwandishi kuonyesha wapi undugu unaanza na wapi unapungua, na inampa mpangilio wa aya bila kufuata sura za riwaya moja baada ya nyingine.

Nukuu ziwe fupi, na kila nukuu ifuatwe na maelezo marefu kuliko yenyewe. Vivumishi vya kusikitisha vipunguzwe, kwa kuwa buti na chakula cha watu 150 vimekwisha kuifanya kazi hiyo. Ukimaliza rasimu, badilisha jina la mhusika kwa jina la askari wa riwaya nyingine katika kila aya. Aya itakayobaki ya kweli bila kuguswa iandikwe upya, ikiwa na tukio lake na ukurasa wake.

Kuna riwaya ambazo mwisho wake hautulii. Fleming anaondoka kwenye mapigano akijihesabu kuwa mwanamume aliyekomaa, na wahakiki wamegawanyika tangu zamani kama Crane anakubaliana naye au anatuonyesha kijana aliyejitungia ahadi nyingine mahali pa ile ya kwanza. Kuna ushahidi wa pande zote mbili: alibeba bendera mbele ya risasi na hakukimbia tena, lakini jeraha lake la uongo hakulikiri kwa yeyote. Ukikutana na mwisho wa namna hiyo usijifiche nyuma ya msemo kwamba kila msomaji ana maoni yake. Weka ushahidi wa kila upande kwa haki, chagua upande mmoja, kisha utaje ni sentensi ipi hasa ya riwaya iliyokufanya uchague.